Yai la Mama Limeliwa na Nani?

Ndugu wanachama, leo twataka kusema juu ya jambo la jikoni.

Mgeni akifika katika nyumba ya mkulima, kuku huchinjwa, na hiyo ni heshima yetu ambayo hatuna haja ya kuionea haya. Lakini na tumtazame kuku huyo akiisha kupikwa. Katika makabila mengi ya nchi hii firigisi ni ya baba mwenye nyumba, wala mtu mwingine haigusi. Mapaja ni ya mgeni. Kifua na mabawa hugawanywa kwa wanaume waliokuja kumwamkia mgeni. Bakuli likirudi jikoni lina shingo, miguu na mchuzi, na huko jikoni yupo mama mwenye mimba ya miezi 7, na mtoto wa miaka 2 ameshika kanga yake. Hao ndio wanaomaliza kilichobaki.

Na mayai ya kuku yule? Mama hakuyala. Tangu alipochukua mimba ameambiwa kwamba mja mzito akila mayai mtoto atazaliwa hana nywele kichwani. Mtoto naye, kwingine husemwa asipewe yai, maana atachelewa kusema. Basi mayai yamekwenda sokoni, na yaliyokosa mnunuzi yamekaangwa kwa ajili ya baba, maana kwa baba hakuna mwiko. Tumeuliza wazee, tumeuliza wakunga, na bado hatujasikia kabila ambalo baba akila yai hupatwa na jambo. Mwiko gani huu unaojua kuchagua namna hii?

Twajua wako watakaosema: Gazeti la chama lina habari gani na firigisi? Tuachieni mambo ya nyumbani, ninyi semeni siasa. Jibu letu ni kwamba hii ndiyo siasa. Nchi hii ilipopata uhuru wake tarehe 9 Desemba 1961, wananchi waliambiwa na viongozi wao kwamba Mwingereza akienda zake wanabaki maadui watatu, nao ni ujinga, maradhi na umaskini. Maadui hao hawaondoki kwa kushushwa bendera. Wanakaa nyumbani mwetu, na pale jikoni tuliposema wamekutana wote watatu katika bakuli moja.

GHALA LIMEJAA, MTOTO AMEDUMAA

Wako watu wanaodhani kwamba mtoto hudhoofika mahali penye njaa tu. Lau ingekuwa hivyo kazi yetu ingekuwa nyepesi. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchi nzima mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 walio chini ya miaka 5, watoto 30 wamedumaa, maana yake kimo chao kimebaki nyuma ya umri wao kwa kukosa chakula kifaacho na kwa kuandamwa na maradhi. Ni kweli tumetoka mbali, kwa kuwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa karibu nusu. Lakini tazameni mikoa iliyoongoza katika hesabu hiyo ya 2022. Iringa ni watoto 57 katika kila 100. Njombe ni 50. Rukwa ni 50.

Ndugu, hiyo ndiyo mikoa inayotulisha! Mahindi ya Rukwa huenda mbali. Viazi vya Njombe vinakaangwa Dar es Salaam, na parachichi zake hupanda meli kwenda Ulaya. Ghala limejaa, na mtoto wa mwenye ghala amedumaa. Hapa hatuwezi kusingizia mvua, wala nzige, wala mkoloni.

Na mtoto aliyedumaa si mfupi wa kimo tu. Mwili ulionyimwa vya kujengea huinyima akili pia. Mtoto huyo huugua upesi na hupona polepole, na akifika darasani mwalimu humwita mvivu. Madaktari wanatuambia kwamba msingi huo hujengwa tangu mimba inapoingia mpaka mtoto anapotimiza miaka 2, yaani siku 1,000 hivi. Zikipita, kulipa deni hilo ni kazi ngumu. Basi tunapojenga shule na kumsahau mama mja mzito, ni kama tumeezeka paa pasipo kuta.

Hatusemi kwamba mwiko ndio sababu pekee. Mama anayetoka alfajiri na jembe na kurudi jioni na kuni kichwani hawezi kumlisha mtoto mara nne kwa siku. Mtoto huachiwa dada yake mdogo na kibuyu cha uji wa mahindi matupu, mwembamba kama maji ya kunawa. Tumbo la mtoto ni dogo, hujaa maji upesi, na nguvu hapati. Lakini katika nyumba ile ile, karanga zimo guniani, maharage yamo, kuku anataga uvunguni, na mchicha umeota nyuma ya choo. Vitu vipo. Kinachokosekana ni ruhusa ya vitu hivyo kufika kinywani mwa mama na mtoto, na ruhusa hiyo imeshikwa na mila, na mila imeshikwa na sisi wanaume.

MWACHA MILA NI MTUMWA, LAKINI MILA IPI?

Wakoloni walikuwa na jibu lao juu ya jambo hili. Walisema Mwafrika ni mjinga, na mila zake ndizo zinazomwua mtoto wake. Hawakusema ni nani aliyemchukua baba akawe manamba katika mashamba ya mkonge, akamwacha mama peke yake na jembe. Mwaka 1947 walileta matrekta Kongwa kulima karanga, na karanga hizo hazikukusudiwa kutiwa katika uji wa mtoto wa Mgogo. Zilikusudiwa kuondoa upungufu wa mafuta kule Uingereza. Pauni zaidi ya milioni 35 zilipotea, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Basi si kila anayesema juu ya mila zetu anatutakia mema, na mwananchi akimsikia mtu anazidharau ana haki ya kukunja uso. Mwacha mila ni mtumwa, na sisi hatukutoka utumwani ili tuurudie.

Lakini twauliza: mila ipi? Kule Kilimanjaro mama wa Kichaga akizaa hukaa ndani miezi mitatu, hagusi jembe, na mume hutafuta mbuzi wa kumchinjia. Hupikiwa mtori, hupewa maziwa na nyama, na majirani huja kumtazama kama amenawiri. Hiyo ni mila. Huku Pwani mzazi hukaa arobaini yake, akakandwa na kupewa uji wa pilipili manga, wala haulizwi kazi. Hiyo pia ni mila. Bibi zetu walijua kuotesha ulezi wakapata kimea, na kimea kidogo kikitiwa katika uji mzito huulainisha, mtoto akaumeza bila ya kuongezwa maji. Wataalamu wa chakula wa siku hizi wamelithibitisha jambo hilo. Walijua pia kwamba haifai mama kuchukua mimba nyingine hali mtoto bado yu mgongoni.

Upande wa pili, ipo mila ya kuyakamua na kuyamwaga maziwa ya kwanza, yale ya manjano yaitwayo dang'a, kwa madai kwamba ni machafu. Maziwa hayo ndiyo kinga ya kwanza ambayo Mungu amemwekea kiumbe, na mtoto yapasa ayapate katika saa ya kwanza ya maisha yake. Ipo mila ya kumpa mtoto mchanga maji na uji kabla hajatimiza miezi 6, wakati ziwa la mama peke yake lamtosha. Na ipo hiyo ya yai na firigisi.

Basi kipimo chetu ni hiki, na kila mtu anaweza kukitumia bila ya kwenda chuo. Mila njema humpa mama na mtoto. Mila iliyoharibika huwanyang'anya. Ya kwanza tuishike kwa mikono miwili. Ya pili tuiache, wala tusiogope kuitwa watumwa, maana mtumwa hasa ni yule anayelima akala mwingine.

HOFU YA BIBI

Hata hivyo tusiwacheke mama zetu. Wako wajawazito wanaopunguza chakula kwa makusudi, na wako wanaovitupa vidonge vya kuongeza damu walivyopewa zahanati, kwa kuogopa kwamba mtoto atakuwa mkubwa tumboni na kuzaa kutakuwa kwa taabu. Kijana aliyesoma husikia hayo akacheka. Asicheke. Yule bibi aliyemshauri mkwewe ale kidogo alikwisha mwona mwanamke akishikwa na uchungu siku mbili, na hospitali yenye daktari wa kupasua iko mwendo wa siku nzima, na njia haipitiki masika. Alimwona mwanamke yule akizikwa pamoja na mwanawe. Kwa bibi yule mtoto mdogo ndio usalama. Huo si ujinga mtupu. Ni hesabu ya mtu aliyeachwa peke yake.

Lakini hesabu hiyo ina kosa, na yafaa tulieleze taratibu. Uchungu hukwama mara nyingi pale nyonga ya mama ilipokuwa nyembamba, na nyonga huwa nyembamba pale msichana alipodumaa utotoni. Binti aliyenyimwa yai na maziwa tangu mdogo hukua mfupi, na siku ya kuzaa hupata taabu. Wazee wakiiona taabu ile husema, na tuwapunguzie wajawazito chakula. Mja mzito akipunguziwa huzaa mtoto mnyonge, na mtoto huyo akiwa wa kike hudumaa kama mama yake, akafika siku yake na nyonga ile ile nyembamba. Hivyo mwiko huzaa hofu, na hofu huuzaa tena mwiko. Bibi, binti na mjukuu wamo katika duara moja, na kila mmoja anadhani anamwokoa mwenzake.

Tena iko habari ya damu. Uchunguzi wa 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wa nchi hii wenye umri wa miaka 15 mpaka 49, wanawake 45 walikuwa na upungufu wa damu. Mwanamke mwenye damu ya kutosha akitokwa na damu katika kuzaa huenda akapona. Mwenye upungufu hana akiba ya kupoteza. Nyama, maini, dagaa, maharage na mboga za majani, pamoja na vidonge vile vilivyotupwa, ndiyo akiba yenyewe.

Basi hapa pana kazi mbili, wala moja haifanyi kazi ya nyingine. Kazi ya kwanza ni kuliondoa kosa la hesabu kwa mafundisho. Kazi ya pili ni kuiondoa sababu ya hofu, nayo ni ya Serikali na ya chama kinachoisimamia. Kumwambia mama asiogope wakati kituo cha afya hakina chumba cha upasuaji, au kina chumba bila mtaalamu, ni kumdanganya. Tukitaka bibi aache mwiko wake, na aone kwanza gari la wagonjwa linafika.

MTOTO ALIYEBEMENDWA

Liko jambo jingine ambalo watu hulisema kwa kunong'ona, nasi tutalisema waziwazi. Mtoto akivimba miguu na uso, nywele zake zikageuka nyekundu na kunyonyoka, ngozi ikabanduka, akawa hataki kucheza wala kula, watu husema amebemendwa. Maana yake ni kwamba wazazi wamelala pamoja kabla ya wakati, au mmoja wao ametoka nje ya ndoa, na mtoto amelipa. Kila jicho la kijiji humgeukia mama. Naye mama hufanya nini? Humfunika mtoto kanga gubigubi. Hampeleki mizanini, kwa sababu kumpeleka ni kujitangazia uzinzi. Humpeleka usiku kwa mganga, na siku zinakwenda. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na kilio hicho tumekisikia katika vijiji vingi.

Ugonjwa wenyewe waitwa kwashakoo. Jina hilo limetoka kwa Waga wa Ghana, na daktari mwanamke Cicely Williams ndiye aliyeliandika katika jarida la madaktari mwaka 1935. Maana yake kwa Waga ni ugonjwa unaompata mtoto wakati mdogo wake anapokuja. Tazameni basi, ndugu zetu! Watu wa Ghana na watu wa kwetu, ambao hawajapata kuonana, wameona jambo moja. Wote wameona kwamba mtoto husinyaa mama anapochukua mimba nyingine mapema. Wazee wetu hawakuwa vipofu.

Walichokosea ni sababu. Mtoto hadhuriwi na baba kumkaribia mama. Mtoto huachishwa ziwa ghafula kwa kuwa mimba nyingine imeingia, akatiwa katika uji mtupu usio na maziwa, yai, dagaa wala karanga, kisha kuhara au surua ikammaliza nguvu. Hayo ndiyo yanayombemenda. Mkosaji si mama peke yake. Ni nyumba nzima iliyokuwa na karanga guniani isimpe.

Kwa hiyo twasema kwa kila mwanachama: ukimwona mtoto wa namna hiyo usiulize wazazi wake walilala wapi. Uliza amekula nini, umchukue yeye na mama yake mkaende zahanati siku hiyo hiyo. Kwashakoo hutibika akiwahiwa. Masengenyo hayajapata kumponya mtoto yeyote.

TUFANYE NINI?

Nchi hii si mara yake ya kwanza kuianza kazi hii. Mwaka 1973 watu wazima milioni 2 hivi walikaa chini ya miti na redio zao katika kampeni ya Mtu ni Afya, wakajifunza na kuchimba vyoo. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Katika miaka ya 1980 vijiji vya Iringa viliwapima watoto wao uzito kila baada ya miezi mitatu, na hesabu ikasomwa mbele ya mkutano wa kijiji, watu wakaulizana kwa nini mtoto wa fulani amepungua, na hesabu ya watoto waliokonda vibaya ikashuka sana. Iringa hiyo ndiyo tuliyoitaja juu kwa kudumaa mwaka 2022. Fundisho lake ni kwamba kazi ya jana haimlishi mtoto wa leo, na kila kizazi hakina budi kuifanya upya.

Tunayo mapendekezo manne, na hakuna hata moja linalongoja fedha kutoka ng'ambo.

La kwanza ni la wanaume. Mwiko huu hauvunjwi na mama, maana akiuvunja peke yake ataitwa mlafi na asiye na adabu. Utavunjwa na baba atakayechukua yai mbele ya mama yake mzazi na ya watoto wake, akalitia katika sahani ya mke wake mja mzito na kusema, kula. Neno hilo moja lina nguvu kuliko mabango ishirini.

La pili ni la viongozi wa matawi. Kila baada ya miezi mitatu vijiji vina Siku ya Afya na Lishe. Twauliza, ni wenyeviti wangapi wanaohudhuria? Wengi huiona kuwa siku ya wanawake, wakakaa kwenye kahawa. Mwenyekiti afike, azisome hesabu, na mkutano ujao wa tawi uanze na jambo hilo kabla ya michango na ugomvi wa vyeo.

La tatu ni la wauguzi na wataalamu. Wasimkaripie mama mbele ya wenzake. Mama aliyekaripiwa mara moja harudi, na habari zake huwafikia wengine kumi. Wawaite bibi na wakunga wa jadi, wawaeleze duara lile la nyonga, kwa kuwa bibi akielewa kijiji kizima kimeelewa.

La nne ni la jembe. Mama mwenye mimba kubwa na mama mwenye mtoto mchanga wapunguziwe shamba, kuni na maji. Mchaga amekwisha tuonyesha njia, wala hakuna aliyemwita mvivu.

Tunamaliza kwa kukumbushana. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed na akina mama wenzake wa Dar es Salaam walianza kuwaingiza wanawake katika TANU, na katika muda mfupi waliingia kwa maelfu, wakati wanaume wengi walikuwa wanaogopa kufukuzwa kazi. Akina mama hawakungoja kuambiwa kama siasa ina mwiko. Chama kilichobebwa na akina mama namna hiyo kina deni, na deni hilo halilipwi kwa vitenge vya mkutano. Hulipwa kila siku, nyumbani, wakati wa kupakua.

Kwa hiyo kuku akichinjwa kwako kesho, ndugu mwanachama, firigisi na ikatwe vipande, na kipande cha kwanza kiende jikoni.

Uhuru na Kazi!